Kikombe Kilichokuwa Kwenye Jokofu

Wakazi wote wa nyumba hii wanataarifiwa kwamba kifuniko cha birika kimevunjika, na aliyekivunja ni mimi.

Dada yangu, chakula kimo sufuriani. Nepi zilizo uani zianuliwe kabla ya mvua. Mkwe wangu akirudi kutoka kazini, aje hospitali ~~haraka~~. Ale kwanza. Binti yangu amepiga simu: daktari anasema ini la mtoto limechoka, wala hakuahidi kitu.

Wiki iliyopita daktari huyo alitueleza sote kwamba mjukuu wangu amezaliwa bila kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, ya mama yakiwemo. Ndiyo maana binti yangu hukamua yake kikombeni ili apunguze maumivu, kisha huyamwaga. Wewe ukayaonea huruma, ukayaficha jokofuni na kikombe chake kabla hajayamwaga. Tangu juzi, kila mama yake aliposinzia, ukawa unamnywesha mtoto kwa kijiko. Leo asubuhi alilegea, macho ya manjano, hata kulia hakuweza.

"Kaka, tangu lini maziwa ya mama yakawa sumu? Hayo ni mambo yenu ya vitabuni," ulisema, kijiko kingali mkononi.

Katika vitabu hivyo sijakuta neno la kumwambia mtu aliyempenda mtoto kiasi hicho.

Kikombe kifiche, binti yangu asikikute.

Kwa mamlaka niliyo nayo kama mkubwa wa nyumba, nimeamua: kuanzia leo, maziwa ya aina yoyote ni marufuku humu ndani.

Kaka yako