Mwambie Kaka Yako Amshushe Mtoto

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumanne, tarehe 4.

Mpendwa mjukuu wangu,

U mzima? Unakula, au bado unashindia chai? Mimi sijambo, magoti tu, na hayo tumezeeka pamoja.

Anayeniandikia ni jirani yetu, fundi cherehani. Simu unaikata nikianza kukusema, karatasi hutaikata.

Situlii, mama. Tangu daktari aseme misuli ya Panzi, mtoto wa kaka yako, inalegea, humu ndani hatulali vizuri. Nawe ukamweleza kaka yako mambo ya maabara yenu: pembeni mwa msuli zimelala chembe changa, msuli ukiumia zinaamka kuujenga. Na juu ya maagizo ya mwili, yaliyomo ndani ya kila chembe, kuna alama ndogondogo, hili lisomwe, hili linyamaze, ndipo chembe ijue kuwa msuli, isiwe kitu kingine. Fundi kaelewa kabla yangu: kitambaa ni kilekile, chaki ndiyo inayosema hapa mkono, hapa kola.

Kaka yako kashika neno moja tu, kwamba chembe zikiamshwa mno huchoka. Kamkataza mtoto kutembea! Anambeba hadi chooni kama gunia la unga. Wifi yako akifungua mdomo, kaka yako anamkatiza, "Zimelala, msiziamshe!" Na yeye mwenyewe ananyata, fundi umeme mzima, kana kwamba zitasikia viatu. Nilicheka, kisha nikalia.

Mtu wa mazoezi hospitalini kasema mtoto atembee polepole kila siku, la sivyo miguu itazidi kulegea. Kaka yako hasikii. "Dada ndiye anayejua." Haya, wewe unayejua, sema! Mimi sikusoma, lakini nikimwogesha naona paja linavyopungua mkononi mwangu.

Leo baba yake alipoenda kazini nimemshusha. Kashika gauni langu, tukazunguka meza, tukafika mlangoni. Akasema, "Bibi, kumbe mlango uko karibu!" Kama nimekosea, nitukane. Kama sijakosea, mpigie kaka yako, maana nitamshusha kila siku, na siku atakayonikuta patachimbika.

Mama yako na wifi yako wanakusalimu. Fundi anataka nipunguze ukali. Nimemwambia aandike hivyohivyo. Mungu akulinde huko, akupe usingizi ninaoukosa mimi.

Panzi naye anakusalimu. Anakusalimu akiwa amesimama.

Ni mimi bibi yako, nikugombezaye kwa kukupenda.