Kikosi cha Pumzi Safi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na watoto. Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima wa kutembea na kufanya kazi. Uchovu siutaji, huo ni wa kila siku. Habari za Baba nitauliza huko mbele, nivumilie kidogo, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Uliniandikia kwamba kifua cha Baba kimepoa, na kwamba safari hii hakuongeza neno lake mwishoni mwa barua kwa sababu alikuwa amelala. Ukanisihi nisiache kazi kukimbilia nyumbani, nisubiri likizo. Nikakusikia. Sasa nikueleze nilivyoihangaikia hiyo likizo.

Hapa kwenye kiwanda cha mbao wameleta mpango wa afya. Tumegawanywa vikosi vya watu watano watano. Asubuhi kabla misumeno haijawashwa tunanyoosha migongo, tunakunywa maji, na wavutaji wote tumeambiwa tuache. Kikosi kitakachomaliza msimu bila mtu kuvuta kitakwenda likizo kwa nauli ya kiwanda. Mmoja akikamatwa amevuta, wote wameanguka. Ndiyo maana kila mtu ana mwenzake wa kumnusa mdomo. Wa kwangu tunamwita Bwana Harusi, maana alioa wiki ileile aliyosafiri kuja huku, na mkewe sasa anakaribia kujifungua. Alikuwa akininusa huku amefumba macho, anasema hata mkewe hajapata kumsogelea mara nyingi hivyo.

Dada, niliacha sigara. Wewe unajua nilivyokuwa. Niliacha kabisa ili nimwahi Baba. Nilitafuna vijiti, nilikunywa maji mpaka tumbo likawa linacheza kama ndoo, niligombana na watu bila sababu. Kiongozi wetu, tunayemwita Kengele kwa sababu ya sauti yake, alinisifu mbele ya wote.

Halafu asubuhi moja Bwana Harusi akaninusa, akafumbua macho. Akaniuliza kwa upole kwa nini nataka kumnyima kumwona mtoto wake. Nikaapa. Akasema hii si sigara, ni tumbaku nzito ya majani, na ndani yake kuna ganda la chungwa lililoungua. Mimi na wewe tunamjua anayekausha maganda ya machungwa juu ya jiko na kuyachanganya na tumbaku yake. Huku sijapata kumsimulia mtu.

Nilipiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu. Nikafua koti. Kesho yake harufu ilikuwa palepale, na sasa hata mimi niliisikia. Haikutoka mdomoni. Ilikuwa begani, upande wa kushoto, kama mtu amesimama karibu kuangalia ninavyofanya kazi.

Nikapelekwa kwa muuguzi wa kiwanda. Ana kimashine cha kupuliza, kikionja moshi kinawasha taa nyekundu. Nikapuliza, ikawaka kijani, roho ikatulia. Nikatoa mdomo. Kimashine kikaendelea kulia vilevile kinavyolia mtu akipuliza, taratibu, kwa kukatakata, pumzi ya mtu aliyechoka. Kisha taa ikageuka nyekundu. Muuguzi akakigonga mezani, akasema hiki kibovu, akaleta kingine. Hicho nacho kikafanya hivyohivyo. Akanitazama, akatazama nyuma yangu, kisha akaenda kufunga dirisha ingawa hapakuwa na upepo.

Wenzangu wakaacha kula na mimi. Wa vikosi vingine walicheka kwamba navuta kwa masikio. Bwana Harusi hakucheka. Aliendelea kuninusa kila asubuhi kama kawaida, na kila asubuhi aligeuza uso, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku moja tulikuwa kwenye mazoezi, mikono juu, ukumbi kimya. Nyuma yangu mtu akakohoa. Kikohozi kirefu, na mwishoni kile kimlio chembamba unachokijua, kama mlango unaofungwa kwa adabu. Mimi husimama mstari wa mwisho, nyuma yangu ni ukuta. Nikajiambia ni kichwa changu tu. Lakini Kengele, aliyekuwa mbele akitutazama, akashusha mikono, akauliza kwa ukali nani amemwingiza yule mzee humu ndani bila kofia ya kazi. Watu wakageuka. Akabaki ameelekeza kidole ukutani, na ile sauti yake yote ikamwishia.

Hapo ndipo nilipojua, Dada. Sikulia. Nilimaliza mazoezi.

Sasa nikuambie nililofanya. Kikosi chetu kilikuwa kifutwe siku hiyohiyo kwa ajili ya zile taa nyekundu. Lakini mvutaji akikiri mwenyewe na kujitoa, wenzake hawaguswi. Nikaenda ofisini nikasema navuta, tumbaku ya majani, kila siku. Ni uongo. Ila likizo niliyoitafuta ilikuwa ya kumwahi mtu, na mtu huyo alikuwa ameshakuja mwenyewe. Bwana Harusi bado ana wa kumwahi. Ameondoka leo, na ndiye aliyeibeba barua hii. Aliponiaga alinikumbatia kwa muda mrefu, akavuta hewa begani pangu, akasema hasikii kitu tena.

Nami nilikuwa nimeshajua. Siku ile nilipotoka ofisini muuguzi alinipulizisha mara ya mwisho. Ikawaka kijani, na kimashine kikanyamaza mara tu nilipotoa mdomo. Akasema kumbe nikitaka naweza. Nikamwomba nipulize tena. Nikakaa na kile kimashine mkononi, nakisubiri, mpaka akaninyang'anya.

Sina hasira nawe. Mlinificha ili nisitupe kazi, na mimi ningefanya hivyohivyo. Mwambie Mama kwamba najua, apumzike kunificha. Likizo yangu mwenyewe itakuja msimu mwingine, nitafika kaburini kwa Baba. Lakini usingoje mpaka hapo kunijibu, kuna jambo moja nataka kulisikia kutoka kwenu. Kabla hajaondoka, aliwaaga kwamba anakwenda wapi?

Msalimie shemeji, na watoto uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Mungu awatunze wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho,
uliyembeba mgongoni.