Neno Nililokudakia

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Jumapili, 8 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko uliko? Wifi hajambo? Wale watukutu wawili bado wanapanda juu ya kabati? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo uko palepale.

Nakuandikia kwa sababu moyo hautulii.

Wiki iliyopita alikuja mteja, dada mmoja mwanakwaya, kushonesha gauni. Nikamwuliza rangi. Akasema, "Je... je... je..." Foleni ilikuwa ndefu, nikamrukia: "Jekundu!" Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Jana asubuhi akaja kulichukua. Alipoliona, machozi yakamlenga. Kumbe kwaya nzima huvaa meupe. Nikamwuliza, tena kwa ukali, mbona alikubali? Akaanza kujibu. Nusura nimmalizie tena, nikajiuma ulimi.

"Neno na-nalijua," akasema. "Liko hapa kooni. Mtu akini-nimalizia, nakubali tu. Nachoka ku-kuanza upya."

Nilimshonea jingine jeupe siku ileile. Leo nimekwenda kumsikiliza. Akiimba, hakwami hata silabi moja! Nilikaa nyuma nalia, watu wakadhani nimeguswa na wimbo.

Nilikuwa nakulilia wewe. Unakumbuka marehemu baba alipokuuliza unataka kusomea nini? Ulisema, "U... u..." Nikadakia, "Ufundi magari, baba!" Ukaitikia kwa kichwa, vilevile kama yule dada. Baba akafurahi, ukapelekwa gereji. Miaka kumi na tisa sasa uko chini ya magari ya watu, na hakuna aliyekuuliza tena.

Nami nilikuwa najisifu! Dukani nilikuagizia, shuleni nilikujibia, hata wifi alisikia sauti yangu kabla ya yako. Ukikwama nilikwambia, "Vuta pumzi, tulia," kana kwamba ulikuwa unakimbia. Nilidhani nakusaidia, kumbe nakuziba mdomo.

Halafu nikanuna eti hupokei simu zangu, unajibu kwa ujumbe tu. Sasa nimeelewa. Simu peke yake ni mzigo, sembuse simu yenye mimi ndani yake.

Nisamehe, mdogo wangu. Nitakupigia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni. Ukipenda kupokea, niambie siku ile ulitaka kusema nini. Kama kweli lilikuwa neno hilohilo, ufundi, niambie pia, maana sitalijua mpaka nilisikie kwako. Kama hutaki, nitapokea hilo nalo.

Nisalimie wifi, na wanangu uwakumbatie kwa niaba ya shangazi yao. Mama anawaombea kila asubuhi. Mungu awalinde, wewe na nyumba yako.

Ni mimi dada yako akupendaye, na safari hii nitangoja umalize mwenyewe.