Insha ya Kifutio Isiyosomwa Mezani

Chumba cha cherehani, nyumbani,
Jumapili asubuhi, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu, tena za moto moto. U hali gani mdogo wangu? Baridi ya huko imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili? Na kile kikohozi ulichonilalamikia kwenye simu kimepona? Usinidanganye, nakujua tangu ulipokuwa unaficha vidonge chini ya godoro. Sisi huku hatujambo. Magoti ya mama yanamsumbua asubuhi, ila mdomo wake haujapata ugonjwa wowote. Shemeji yako mzima. Tangu astaafu kazi ya stoo ananipangia upya vyombo vya jikoni kila wiki, mpaka kijiko cha chai nakitafuta kwa tochi.

Sasa habari yenyewe. Mwanangu Kifutio amepata chuo! Upimaji ardhi, vilevile alivyotaka. Nimeitoa mapema ili usiruke mistari ukitafuta mwisho, maana tabia yako naijua.

Lakini nusura tumkoseshe sisi wenyewe. Nawe umo, usijitoe.

Fomu ya chuo iliwataka waombaji waandike insha, maneno yasiyozidi mia tano, kueleza jambo moja lililowafanya waipende fani hiyo. Kifutio, ambaye jina hilo tulimpa kwa kumaliza vifutio viwili kwa wiki alipokuwa darasa la pili, aliandika na kufuta siku nne nzima, akapata ukurasa mmoja. Akauleta mezani baada ya chakula, kama desturi. Unaikumbuka amri ya marehemu baba: karatasi haitoki nyumba hii mpaka isomwe kwa sauti na kila mtu atie neno lake. Penye wengi hapaharibiki neno, ndivyo alivyokuwa akisema.

Basi tukatia. Mama akataka iandikwe kwamba mjukuu wake hajawahi kugombana na mtu. Shemeji yako akaingiza miaka yake ishirini na miwili ya stoo bila kupotea hata msumari. Mimi nikadai lazima utajwe unyenyekevu wake, na sentensi ikatoka hivi: "Katika unyenyekevu, hakuna wa kunishinda." Wewe nawe ukapiga simu, ukaagiza waambiwe kwamba ana mama mdogo ng'ambo. Mtoto alikuwa akiandika tu, kichwa chini. Tulipofika maneno elfu moja na mia moja tukapongezana, shemeji yako akapiga na makofi.

Kesho yake aliipeleka kwa mwalimu wake wa lugha aipitie. Zilikuwa zimebaki siku mbili maombi yafungwe. Mwalimu akairudisha na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Ukoo mzima nimeuona. Mwombaji yuko wapi?"

Mdogo wangu, nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Kifutio aliiweka ile karatasi mezani, akabaki amesimama. "Naandika nyingine," akasema. "Ila hiyo siisomi hapa."

"Kwani ina siri gani?" akauliza shemeji yako.

"Haina siri, baba. Mkiisikia tu mtaitia viraka."

Mama akaacha kutafuna. "Angekuwepo babu yako, ungethubutu?" Mtoto machozi yakamlenga, lakini hakukaa.

Nikwambie kweli, roho iliniuma. Mimi niliyemzaa, leo ananifungia mlango kwa ukurasa mmoja? Lakini ile "hakuna wa kunishinda" ilikuwa pale pale mezani, kwa mwandiko wake na kwa maneno yangu, nikaona haya. Mimi ni fundi. Nimeona magauni mangapi ya harusi yakiharibika kwa sababu kila shangazi anataka hapa papunguzwe, pale paongezwe, mpaka bibi harusi mwenyewe hawezi kukaa kitini? Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nikasema, "Mwacheni mtoto aandike. Atakayemgongea mlango, suruali zake atajishonea mwenyewe."

Hakuna aliyegonga, ingawa mama alipita pale koridoni mara sita kwenda kunywa maji.

Siku ya mwisho alikuja hapa kwenye cherehani niweke sahihi ya mzazi. Insha ilikuwa imebanwa nyuma ya fomu. Feni ikaufunua ukurasa, nikaona maneno mawili ya mwanzo: "Mama yangu". Weee! Nikachukua mkasi mkubwa, nikaulaza juu ya karatasi, nikatia sahihi, nikampa. Alinitazama kidogo, akaniambia ahsante, akaondoka mbio.

Jumanne majina yakatoka, na lake ni la tisa. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani yetu wa duka la dawa akaja kuuliza nani anaolewa. Nimefurahi, mdogo wangu, nimefurahi mpaka nimeshona mkono wa shati la mteja ukageuka nje ndani.

Nasikia nakala ya insha alikutumia wewe. Usinisimulie, hata nikikubembeleza kwenye simu, na nitakubembeleza. Siku akitaka atanisomea mwenyewe.

Wangejua naandika, wote wangekusalimu. Mama angekuuliza unakula nini huko. Shemeji yako angekueleza jinsi ya kupanga kabati. Mwanao angekushukuru kwa simu zako. Leo salamu zao nazibeba mimi, kwa sababu barua hii ndiyo ya kwanza kutoka nyumba hii bila kusomwa mezani. Nimeshusha komeo. Nimeona nami nijaribu utamu wake.

Ngoja, nasikia ndala za mama koridoni, amekwisha kushika kitasa. Na Kifutio huyo anamwambia: "Bibi, mwache mama aandike."

Mungu akukinge na baridi ya huko, akurudishe salama tukuone.

Dada yako akupendaye,
Fundi