Mashine ya Chumba cha Nyuma Imechonga

Nyumbani,
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, mkeo na watoto. Kifua kimepoa? Baridi ya huko usiichezee. Sisi ni wazima. Mama yenu magoti yanamsumbua asubuhi tu; jua likipanda anatusuta kama kawaida yake.

Sasa kaa chini kwanza. Mashine ya marehemu kaka yako inafanya kazi!

Zile mota ulizong'oa kwenye printa mbovu ukatutumia, nimezifunga zote. Moja inasogeza meza mbele na nyuma, nyingine inapeleka keekee kushoto na kulia, ya tatu inaishusha na kuiinua. Kompyuta inasoma mchoro, keekee inachonga njia za umeme kwenye kibao cha shaba na kutoboa matundu. Yeye aliacha fremu tupu. Mimi niliyekuwa nikimshikia tochi ndimi niliyemalizia.

Ila tulikaribia kuikosa. Mama alishachoka na lile dude, akataka chumba cha nyuma kipate mpangaji. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mizani yake, akaigonga fremu kwa kiatu, akaniambia: "Mama Uzi, hapa pana kilo tu, hapana mashine." Nikamwomba mama anivumilie hadi Jumamosi. Unaikumbuka redio ya mama iliyoungua kibao, ambayo marehemu mwanawe alimwahidi kuitengeneza, akaishia kwenye mchoro wa kibao kipya? Nikasema, mashine ikichonga kibao kipya na redio ikaongea, ibaki. Isipoongea, mizani irudi.

Kibao cha kwanza kilitoka kinang'aa. Tukakilehemu mimi na binti yetu. Redio kimya kama jiwe. Fundi wa kuchomelea hapo jirani akakigeuzageuza. "Mama Uzi, umetengeneza kigae cha bafu!"

Ijumaa nikarudi kwenye cherehani yangu, nimenywea. Nikiwa nakata gauni la mteja, nikalaza kielelezo cha mkono wa gauni juu ya kitambaa, mkasi ukanigandia hewani. Kaka yako alichora kibao akikitazama kwa juu, vinapokaa vifaa. Mashine inachonga upande wa chini wenye shaba, kushoto kunakuwa kulia! Shemeji, mimi mshonaji mzima nilikuwa nimeshona mikono miwili ya kushoto. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaogopa. Nikaugeuza mchoro kwenye kompyuta kama ninavyogeuza kitambaa, nikachonga upya.

Unakumbuka kaka yako alivyokuwa akitoboa kwa mkono, anapuliza vumbi, kisha anainua kibao dirishani na kuchungulia? Nami nilikiinua. Mwanga ulipita kila tundu. Nikakaa nacho pale dirishani kidogo.

Jumamosi mnunuzi alifika tungali tunalehemu. Akakalia ndoo, mizani magotini. Binti akatia betri. Redio ikakoroma, ikakohoa, mara mtangazaji akajaa chumba kizima! Mama akainuka bila kushika ukuta.

"Wewe wa mizani," akasema, "kunywa chai uende zako. Kazi ya mwanangu haipimwi kwa kilo."

Tangu jana redio haijazimwa. Fundi wa kuchomelea ameshaleta mchoro wa kibao cha mashine yake, eti tumchongee "kigae". Mpangaji wa chumba cha nyuma amepatikana, Shemeji, na anachonga.

Wasalimie sana mkeo na wanao. Mama anasema uje usikie mwenyewe. Mungu akupe kifua kizima na safari njema ya kurudi.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,
Mama Uzi