Bi Sijaona wa Makote na Mkwe Aliyemhesabia Pumzi

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipotutoka tarehe 9 Oktoba 1997, nyumbani kwako Makote, Newala.

Wengine huandika hapa gazetini kwamba marehemu alikuwa mpole. Wewe hukuwa mpole, na tukisema hivyo Makote nzima itatucheka. Ulikuwa na mdomo, Mama, ila mkono wako ulikuwa mwepesi kuliko mdomo. Ulibangua korosho huku ukizungumza na watu wanne kwa mpigo. Jirani aliyekosa maji hakuondoka kwako na ndoo tupu, ingawa alipewa na maneno ya kumsindikiza.

Kisiki kilikuchoma unyayo ukisafisha mikorosho. Ukasema, "Aa, kitu gani hiki! Nimeshachomwa na vikubwa zaidi." Siku ya nane taya likakaza. Kumbe pepopunda. Lori la mfanyabiashara lililokuwa limeleta salfa ya kupulizia mikorosho ndilo lililokufikisha hospitali ya misheni. Mwanao Mujibu alikuwa Mtwara, na binti yako Zabibu alikuwa mzazi wa siku kumi na mbili. Wa kukuuguza akabaki mume wa Zabibu, Safari, mkwe wako. Miaka tisa hakuwahi kukutazama usoni, wala wewe hukuwahi kula mbele yake, kwa ile heshima ya mkwe na mama mkwe tuliyoikuta kwa wazee.

Walikupa dawa za usingizi, wakakutoboa koo, mashine ikawa inakupumulia. Safari alikaa mlangoni, amekupa mgongo. Siku ya pili, mchana, jenereta likazimika. Sista Cecilia, muuguzi, alikuwa anakusukumia hewa kwa mfuko wa mpira, na mgonjwa mwingine huku anazidiwa.

"Wewe baba, njoo ukamue huu!"

"Sista, huyu ni mama mkwe wangu. Hata kumtazama siruhusiwi."

"Basi fumba macho, lakini kamua!"

Akafumba, akakamua saa mbili nzima, akihesabu kwa sauti asije akakosea.

Wiki ya nne wakaanza kukuachisha mashine. Dakika tano unapumua mwenyewe, kisha unarudishwa upumzike. Kesho yake kumi. Uliogopa, Mama. Ulikamata shuka, macho yamekutoka, na sauti huna kwa sababu ya lile tundu la koo, wewe ambaye hakuna aliyewahi kukunyamazisha! Sista akamwambia Safari ahesabu kama siku ile. "Moja, vuta. Mbili, toa." Kifua chako kikamfuata. Kuna siku ulishindwa kabisa, ukarudishwa kwenye mashine siku tatu, na Safari akalia nje kama mtoto. Mkaanza upya, mpaka ikapita siku nzima na usiku wake bila mashine.

Ni yeye huyo huyo aliyefundishwa kukukalisha, kukusimamisha, na kukugonga mgongo kwa viganja vilivyokunjwa ili kohozi litoke. Sista alisisitiza kwamba kazi hiyo isikome nyumbani. "Mashine imemwacha, lakini kifua bado kichanga. Mkimlaza tu, kitajaa."

Mwisho wa Agosti ulirudi, umekonda, tundu la koo limeziba na sauti imerudi kidogo, tukapiga vigelegele. Safari alipoingia uani ukajifunika kanga usoni. Tukafurahi, tukasema heshima imerudi mahali pake. Hapo ndipo tulipokosea.

Safari akawa anamwelekeza mkewe kutoka nyuma ya ukuta: "Mama Adija, mkalishe! Mgonge mgongo!" Zabibu aliinua mkono, ukamshinda. Nani ampige mama yake mzazi, tena mgonjwa, mbele za watu? Kila aliyekuja kukujulia hali alisema, "Mwacheni apumzike, ameteseka huyu." Tukakuacha ulale. Hata uji tulikunywesha umelala. Tulidhani ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi.

Safari akaenda kwa Mjomba Sadallah, kaka yako, akapiga magoti aruhusiwe kukuhudumia. "Mjomba, mficha uchi hazai." Mjomba akamjibu, "Kule ilikuwa shida. Hapa ni nyumbani, watu wana macho."

Kohozi likajaa kifuani, homa ikapanda, na kabla hatujapata gari ukatuacha. Msibani tukatafuta wa kumtupia lawama, na hatukwenda mbali: si alimshika mama mkwe wake? Laana hiyo. Safari akakatazwa hata kugusa jeneza lako. Alirudi kwao Lupaso peke yake. Na Zabibu, mkewe, hakumtetea.

Mwezi uliopita, tukipanga dua yako, Zabibu aliweka ungo chini akalia hadi tukaogopa. Akasema siku mbili kabla hujafariki ulimshika mkono, ukamwambia, "Mwite Safari anihesabie." Safari alikuwa pale pale uani anapasua kuni. Zabibu akawaonea haya mama zake wadogo waliojaa chumbani. Akakujibu, "Nitamwita, Mama." Ulimwambia tena, na tena. Hakumwita. Mwaka mzima hajamwambia mtu, na kila akilaza kichwa anakusikia.

Mjomba Sadallah akauokota ule ungo, akamrudishia. Kisha akasema, "Mwanangu, mlango niliufunga mimi. Wewe uliukuta umefungwa."

Tusamehe, Mama. Hatujui kama ungepona. Tulimwendea Sista kumuuliza, naye hakusema ndiyo wala hapana. Tunachojua ni kwamba uliomba kitu kimoja tu, nacho kilikuwa uani kwako, tukakunyima. Inatuuma, na acha ituume.

Dua itasomwa Makote, Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya adhuhuri.

Unakumbukwa na kaka yako Sadallah, aliyeomba mwenyewe haya yaandikwe. Watoto wako Mujibu na Zabibu. Wajukuu zako Adija na Rajabu, yule uliyemwacha mchanga, ambaye sasa anatembea. Na mkwe wako Safari. Maadamu tunapumua, Mama, hutatutoka moyoni.

Safari, gazeti hili likikufikia huko Lupaso, njoo. Mama alikuita. Sisi ndio tuliochelewa kukwambia.