Diski Niliyoambiwa Niivunje

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi na hasira mpaka kichwa kinagonga. Mwalimu mstaafu, yule aliyenifundisha hesabu darasa la tano, leo nimempiga eksirei ya kifua. Doa kwenye pafu la kulia. Daktari wa upasuaji anasema tukipata picha yake ya miaka minne iliyopita, na doa liwe lile lile, basi ni kovu tu, arudi nyumbani. Tusipoipata, Ijumaa anapasuliwa. Miaka sabini na sita, na moyo wenyewe wa kubembeleza!

Picha hiyo iko kwenye SSD, ile diski ya kisasa ya kutunzia picha. SSD iko kwenye sefu ya bosi. Tumeichomeka — haisomeki. Picha elfu kumi na tisa za watu, kompyuta inasema hakuna kitu. Hakuna kitu!

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa kompyuta kaja. Kauliza SSD ilikuwa imechomekwa wapi. Bosi kajibu kwa fahari kwamba tangu tuhamishie picha, miaka mitatu, haijaguswa, kitu cha thamani hakichezewi. Kama vyombo vya kabatini vya mama mkwe wangu, vinavyosubiri wageni!

Fundi kashika kiuno. Ni kweli haina kinachozunguka ndani, kasema, hata ikidondoka haijali. Lakini inatunza kwa chaji, na bila umeme muda mrefu chaji huvuja. Hasa kwenye joto, hasa ikiwa imetumika sana. Na sefu imepakana ukuta na chumba cha kuchemshia vifaa! Na SSD yenyewe kumbe bosi aliinunua mtumba!

Nikauliza, je, zile diski za zamani, tulikotoa picha hizo? Zinatunza kwa sumaku, kasema, zinavumilia kukaa, ila zikianguka ndio basi. Zote hufa, dada, ndiyo maana watu huweka nakala mbili.

Nakala mbili! Nilisema hayo hayo wakati ule, mbele ya kitengo kizima. Bosi akaniita mwoga wa maendeleo, akanipa nyundo nikavunje diski zote tatu.

Jumatano, 5 Machi

Barua ya bosi. Nieleze kwa maandishi kwa nini picha zimepotea mikononi mwangu. MIKONONI MWANGU! Ufunguo wa sefu anao yeye shingoni. Wanasema mkubwa ni jalala. Huyu wetu taka zake zote anatumwagia sisi. Mume wangu kanishauri nimeze. Nimemwambia ameze yeye.

Jambo ambalo sijaliandika hata humu: diski nilivunja mbili tu. Ya tatu mkono ulikataa. Iko stoo, chini ya aproni za risasi za kukinga mionzi, zilizochakaa. Nani atazinyanyua, uzito ule?

Alhamisi, 6 Machi

Naandika hapa hapa kazini. Imewaka! Inakwaruza, inanguruma, ila inasoma. Na picha ya Mwalimu imo. Doa lipo — pale pale, ukubwa ule ule kwa macho yangu. Nimelia kama mtoto.

Nikampigia daktari, yuko hospitali kuu. Anataka picha kamili ipite kwenye mfumo, si ya simu. Na picha ya zamani haiingii kwenye mfumo bila neno la siri la bosi.

Bosi kaja. Wala hakufoka. Katoka, karudi na karatasi imeshachapwa: kwamba yeye ndiye aliyeagiza diski hii itunzwe, na SSD imeharibika kwa uzembe wangu. Nitie sahihi, kasema, halafu tuitume, mbona jambo dogo.

Jambo dogo!

Gari la wagonjwa la kumpeleka Mwalimu hospitali kuu linaondoka saa sita. Sasa saa tano na dakika arobaini. Mwalimu yuko kwenye benchi nje ya mlango na mfuko wake wa nguo. Kaniuliza kupitia upenyo kama bado nahesabu kwa vidole.

Bosi amesimama mbele yangu, ananitazama ninavyoandika. Anadhani haya ndiyo maelezo aliyoyataka. Ananihimiza nimalize, halafu nitie sahihi karatasi yake.

Nimemwambia, bado kidogo, bosi, kuna jina lako sijaliandika.